Baba Deusi, Kile Kifaru Chako Nilikuwa Naendesha Mimi

Mume wangu Baba Deusi,

Huku Matogoro tupo. Siwezi kusema hatujambo, maana nikianza hivyo nitalia, na leo nimeamua nisilie mpaka nimalize kukupa habari. Unanijua mimi, habari ikikaa tumboni haisagiki. Si wewe mwenyewe ulikuwa unasema, "Mke wangu, neno ukilimeza asubuhi, mchana limeshafika Madaba"? Sasa kuna neno moja limenikaa kooni tangu ulipoondoka, na wa kumwambia nimekosa. Nakwambia wewe.

Lakini kwanza nikupe ya msiba wako, maana hukuuona. Ulijaa! Jumuiya yote ilikuja, maderava wenzako wa magreda na makatapila walikuja, wengine kutoka Nakapanya huko, wamepaki mpaka barabarani. Mama Konsolata jirani, yule aliyekuwa anasema "mwanaume mzima kazi yake vigemu," ndiye aliyelia kuliko wote, kalia mpaka kitenge kikamvuka. Na mtani wetu Mhehe, Baba Twilumba, alitukomesha. Jeneza linataka kutoka, huyo mlangoni, kajivika ndoo kichwani, mti wa fagio kaushika mbele kama mtutu, anatambaa pole pole kuliko kinyonga. "Ngrrr! Mimi dude la Mjerumani! Hapiti mtu hapa mpaka nitiwe mafuta!"

Shemeji akamwambia, "Mtani, pisha, mwenzio ataharibika."

"Mngoni gani wa kuharibika? Mngoni ameharibika tangu siku alipokutana na Wahehe! Leteni jogoo hapa!"

Watu hoi. Nikampa jogoo ndiyo akasogea. Na mimi nilicheka, na kitambaa changu cha kufiwa kichwani. Halafu nikageuka nikuangalie kama na wewe umecheka. Hapo ndipo nilipoanguka.

Lile dude jamani. Watu wananiuliza lilikuwa dude gani mpaka mtani aliigize, nami nawaeleza kama mwalimu, wakati nimeishia darasa la nne. Nawaambia mume wangu kazi yake ilikuwa katapila, barabara za huku kazisukuma yeye udongo. Sukari ikamla mguu, wakaukata, akarudi nyumbani akawa anakaa kwenye kiti anaangalia ukuta. Deusi akaona baba yake ataisha kwa kuangalia ukuta, akamletea kompyuta ya mtumba yenye gemu ya vifaru vya vita. Na wewe kwa roho yako ya mashine, ukaanza na kile kidogo kama kobe, ukapanda kimoja kimoja, hata ukakipata kile kikubwa kuliko vyote. Siku hiyo uliniita kama nyumba inaungua.

"Mama Deusi! Njoo! Nimekipata!"

Nikaja mikono ina unga. "Hiki nacho ndiyo nini? Mbona kama kanisa?"

"Kifaru cha Mjerumani hiki, cha majaribio. Kinaitwa Panya."

"Panya! Na tembo wao wanamwitaje?"

Ulicheka ukakohoa. Ukaniambia chukua malori manne ya makaa ya mawe yaliyojaa, yale yanayopita mjini yakitikisa vikombe kabatini, yakusanye yawe kitu kimoja, ndiyo uzito wa Panya. Ukaniambia bamba lake la mbele ni nene kama ukuta wa boma. Nikakuuliza sasa linavukaje daraja la Ruvuma? Ukasema, halivuki. Hakuna daraja la kulibeba. Waliolitengeneza walitaka liende chini kwa chini, litembee kwenye mchanga wa mto maji yakiwa juu yake, na bomba refu la kuvutia hewa. Nikakaa na lile neno. Chuma kinatembea chini ya mto! Kesho yake jumuiya yote inajua.

Mambo hayo mengi alikupa Rolfu. Mzee wa Kijerumani, mstaafu, mjane, mkakutana humo humo kwenye gemu. Wewe unaongea na simu Kiswahili chako, simu inampelekea Kijerumani, yake inakuja Kiswahili cha ajabu ajabu, mnaelewana kama mmenyonya pamoja. Ukamwambia siku moja, "Rolfu, babu zako waliwanyonga babu zetu hapa Songea, na leo mimi Mngoni nakaa ndani ya chuma chenu." Akajibu, "Basi kivunje. Usinirudishie." Uliipenda hiyo, ulinisomea mara nyingi.

Yeye ndiye aliyekueleza kwamba yalikamilika mawili tu. Moja lina kichwa chenye mzinga, la pili halina, walilipandishia chuma cha uzito wa kichwa ili wajaribu kulitembeza. Nguvu yote ile, watu wote wale, na wengine walikuwa wanafanyishwa kazi kwa lazima huko viwandani, halafu halikupiga vita hata siku moja ya maana. Warusi walipokaribia, Wajerumani wenyewe wakalilipua lile lenye kichwa. Warusi wakachukua kichwa cha hilo lililolipuliwa wakakiweka kwenye kiwiliwili cha lile lisilo na kichwa, wakalipeleka makumbusho, liko huko mpaka leo limesimama. Nikasema, masikini! Wewe ukasema, "Kwenye gemu lakini linafanya kazi yake."

Na kweli lilifanya. Nilikuwa nakaa pembeni yako mchana nachambua mboga nakuangalia. Wenzako kumi na nne, maadui kumi na tano. Vifaru vidogo vinakimbia kama panzi, wewe unakwenda mwendo wa maiti. Nakwambia, "Baba Deusi, wenzio wameshafika, wewe hata kona hujakata." Unasema, "Watanihitaji." Na kweli, ikiwaka moto wanarudi nyuma yako wote. Unajibanza kwenye kona ya nyumba, ubavu umeupinda kidogo, shavu la kichwa umeligeuza lisikae wazi, risasi zinakuja paa! paa! zinateleza. "Imedunda!" Na nyingine, "Imedunda!" Konsolata wa jirani mpaka alijua, akisikia anaitikia ukutani, "Imedunda, babu!" Ila ukizungukwa na vile vidogo nyuma, au mzinga wa mbali ukikudondokea juu utosini, basi. Nilikuuliza unapendea nini dude linalopigwa na kila mtu. Ukaniambia, "Kazi yake siyo kuua. Kazi yake kupigwa, wenzake wapate nafasi."

Sikuuliza zaidi. Wewe ulikuwa unajua daktari kakwambia nini kuhusu figo, mimi nilikuwa najua nachambua mboga.

Haya, sasa neno lenyewe.

Siku ulipokata roho, mimi ndiye niliyepeleka habari, nani mwingine? Na kwetu hapa unajua, mtu aliye mbali haambiwi amefiwa, utamuua njiani. Unamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo. Deusi nilimpigia Mbeya nikamwambia hivyo hivyo, "Baba yako kazidiwa, mwanangu, njoo." Akasema, "Nimeelewa, mama." Alishuka stendi tayari macho mekundu. Nikashika simu yako nikamkuta Rolfu kakuuliza mbona huingii. Nikamwambia kama nilivyomwambia mtoto wako. Mimi mkewe, mgonjwa kazidiwa sana.

Akajibu, "Pole dada. Mwambie apone. Nafasi yake tunamtunzia."

Mimi nikajua kaelewa. Nikajua ndiyo pole yao huko, kila watu na pole yao. Nikashukuru, tukakuzika.

Matanga yameshaanuliwa, nimekaa kibarazani, simu yako inalia. Rolfu. "Leo anaendeleaje? Amekula?"

Baba Deusi, niliyasoma maneno yale mara mbili. Watu wote Songea walikuwa wananiambia jipe moyo, kazi ya Mungu haina makosa, piga moyo konde. Wote wameshakufukia. Halafu mtu mmoja, mbali huko kwenye baridi, ananiuliza umekula nini. Nilitaka kumwambia. Mimi, Mama Deusi, ambaye Padri akibadilishiwa parokia najua kabla ya Padri! Nikafungua mdomo nimwambie, kikatoka kingine. Nikasema, "Kanywa uji."

Akafurahi. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia leo umekaa kibarazani ukaota jua. Akauliza maumivu je? Nikasema yamepungua. Nikawa naamka asubuhi nakoroga uji kabisa, wa ulezi, ule unaoupenda wewe, naweka karanga, ili nikimwambia kanywa uji iwe kuna uji. Mama Konsolata akanikuta na vikombe viwili. "Mama Deusi, unamngoja nani?" Nikamwambia mgeni. Akapita mtaa mzima kusema nimepata mwanaume, na mimi, sikumjibu! Fikiria hapo hali yangu ilipofikia.

Basi Rolfu akasema, kama amepata nafuu, aingie hata mara moja tu, wenzake wamwone. Ndiyo nikakaa kwenye kiti chako. Kuwasha najua, nilikuona. Kwenda mbele najua. Nikakichukua kile kifaru nikatoka nacho, jina lako limeandikwa juu yake, nikaona wanaandika andika humo, nadhani wanakusalimia. Nikaenda. Basi mbele kuna mto, na daraja wamekaa maadui. Nikasema moyoni, hili dude si linapita chini ya maji? Si ndivyo walivyolitengeneza? Nikaliingiza mtoni.

Kumbe kwenye gemu halina bomba lile. Maji yakalifunika, saa ikahesabu pale pale, kikafa. Hakijapigwa hata risasi moja. Kimezama chenyewe.

Wakacheka wale watu mpaka hata mimi nisiyejua lugha nikajua ni kicheko. Nikapitisha simu juu ya kioo initafsirie nisome. Mmoja anasema mzee kalewa. Mwingine anasema uzeni hicho chuma. Nikaona nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa aibu. Rolfu akawaambia, "Mwacheni. Ndugu yangu anaumwa." Halafu akaniandikia mimi kwenye simu: "Dada, mikono yake inatetemeka sana, eh?" Nikasema ndiyo. Kwa kweli ilikuwa inatetemeka.

Niliendelea. Nilikuwa naingia mchana, nalipeleka kwenye kona nilipokuwa nakuona unajibanza, nakaa. Nikipigwa nasema "Imedunda" peke yangu ndani ya nyumba. Haikuwa inadunda, Baba Deusi. Zilikuwa zinaingia zote. Sijui kupinda ule ubavu, sijui kugeuza lile shavu, hukunifundisha, na mimi sikukuomba. Wenzako wakawa wanakufa nyuma yangu. Jina lako nililiona linashuka.

Halafu Rolfu akasema, "Dada, sijali gemu. Naomba nimsikie sauti. Hata neno moja."

Hapo nikaishiwa. Nimetafuta sauti yako kwenye hiyo simu yako yote. Zipo zangu tu, mimi nakutumia sauti ndefu ndefu, njoo na chumvi, umesikia ya fulani, na wewe unanijibu kwa dole gumba. Ndoa yote ile nimeongea mimi. Nikamjibu, "Rolfu, hata mimi naitaka."

Hakuelewa. Akauliza, "Kwani yuko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia, "Alizikwa kabla hujaniuliza kama amekula." Nikamwambia kwetu hatusemi moja kwa moja, tunasema kazidiwa, mwenye kuelewa anaelewa. Nikamwambia, "Sikutaka kukudanganya, nilitaka uendelee kuuliza."

Nikasikia kuku wa Mama Konsolata wanapekua kwenye mahindi yangu, sikuwafukuza. Ndipo likaja swali lake, "Na uji alikuwa anakunywa nani?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nakunywa mimi. Vikombe vyote."

Hajajibu tena. Simlaumu. Mzee wa watu, mjane kama mimi, nimemuuguzisha maiti, sijui analia, sijui kakasirika, sijui huko kwao mtu akifiwa anafanya nini. Kile kifaru kipo, Deusi anasema hakiozi, kitakaa humo hivyo hivyo kimesimama. Sikigusi. Nikiwasha nitalichafua jina lako zaidi, na nisipowasha hakuna kinachosogea.

Watu wanadhani nimepona kwa sababu naongea. Naongea bado, mtaa mzima nausema, leo tu nimewasema watatu kabla ya chai. Lakini nikinyamaza, Baba Deusi, nasikia kulivyo kimya. Simu yako naichaji kila siku, naiweka pajani. Hailii. Hakuna tena mtu hata mmoja, Songea wala ng'ambo, anayeuliza kama umekula.

Lala, mume wangu. Mimi huku sijui nitalalaje.

Ni mimi mkeo,
Mama Deusi