Kahawa Ndani ya Chupa ya Plasma

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mkutano mkuu utapiga kura tarehe 20: Kitengo cha Plasma kibaki, au kivunjwe na watu wake wahamie Kitengo cha Kilimo. Kasema Apolinary, katibu wa Chama cha Sayansi Ziwa Magharibi, mchana huu, ofisini kwake hapa Bukoba. Nikamwuliza kama ni rasmi. Ni rasmi. Wanaotaka kivunjwe wanadai hakieleweki. Mmoja amesema plasma ni mambo ya nchi ambazo umeme haukatiki.

Kazi yangu: historia ya kitengo, kurasa chache, isomwe mkutanoni. Mimi si mwanachama, sina upande. Apolinary akanitania nisipambe sana, watu wasije wakasema Wahaya wameanza tena kujisifu. Mimi ni mwandishi wa gazeti; huandika kilichotokea, basi.

Jumatano, 10 Septemba

Kashozi, kwa Mwalimu Rugaibula. Alifundisha fizikia maisha yake yote; kitengo alikianzisha yeye. Kabla sijakaa vizuri nikapewa akamwani, kahawa ya kutafuna. Hakuna mazungumzo bila hiyo.

Nikamwomba anieleze plasma kama anavyomweleza mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Gesi ukiipitishia umeme mkali, kasema, inavunjika ndani kwa ndani na kung'aa. Iko kwenye radi. Iko kwenye taa ya bomba dukani. Jua lenyewe ni plasma. Anavitaja kama mtu anayetaja ndugu zake.

Mashine ya kwanza, 2011: chupa nene ya kioo, kompresa ya friji bovu ya kuvuta hewa, transfoma ya bango la taa kutoka baa iliyokwisha fungwa. Mkewe, Mama Immakulata, alikataa isiingie sebuleni. Ikawekwa jiko la nje, kando ya mafiga. Siku ilipowaka mara ya kwanza — zambarau, kimya — alichungulia mlangoni akasema, "Mmetia radi kwenye chupa. Haya, sasa mnaitoaje?" Mwalimu bado anacheka. Mama hacheki, anasema hajajibiwa mpaka leo.

Kitengo kizima kilikuwa watu wawili: yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Kokushubila. Na jiko.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Gari la kampeni za uchaguzi mkuu chini ya dirisha, muziki tu. Nimeandika kurasa mbili, nimefuta moja.

Jumamosi, 13 Septemba

Ijumbi. Maabara ya kitengo iko kwenye ghala la zamani la kahawa. Dokta Kokushubila ndiye mkuu wa kitengo sasa. Anaongea haraka, hapendi sifa. Kikivunjwa, kasema, mashine itafunikwa turubai, na mbegu za maharage zilizo katikati ya jaribio zitakuwa maharage ya kupika tu. Wakulima wa hapa wamekubali kuzipanda msimu huu.

Kisha akanisimulia habari ya kahawa. Naiandika ilivyo.

Wageni wa chuo walikuwa wanakuja kutoka Dar kuiona chupa. Yeye, ndiyo kwanza katoka chuo kikuu, akafungasha akamwani kidogo kwenye jani la mgomba, akaiweka ndani ya chupa, nyuma ya bamba la chuma. Mgeni hapokelewi mikono mitupu, na wale walikuwa wageni wa mashine. Hakumwambia mtu. Ukarimu hautangazwi.

Wageni wakafika. Chupa haikuwaka. Wakanywa chai, wakaondoka kwa adabu.

Baada ya hapo ni majuma ya kutafuta hewa inapoingilia. Walibadilisha mpira wa kuzibia, wakatumia hata wa tairi la baiskeli. Yeye alijua kahawa iko mle! Ila haikumjia kwamba kahawa iliyokauka bado ina maji, na maji hayo yalikuwa yanageuka mvuke na kuijaza chupa kadiri walivyovuta. Mwisho ikawaka, hafifu, rangi ya waridi. Mwalimu akafungua, akakuta kifurushi. Akamtazama. Hakugomba. Alienda kuchukua kahawa iliyobaki kwenye kapu ilikotoka ile: imeota ukungu yote, mvua za masika. Ya kwenye chupa, safi.

Ndipo wakaacha kuonyesha mwanga na kuanza kutibu mbegu kwa plasma, zisiote ukungu. Kahawa, maharage, vanila. Makala zao sasa zinasomwa hata nje ya nchi, na zote zimetoka kwenye kifurushi kile.

Nimeisikiliza kwa fahari. Gazetini ningelifuta neno "fahari". Hapa linabaki.

Jumatatu, 15 Septemba

Apolinary kasoma rasimu. Kaipenda, isipokuwa kahawa. Anaogopa wapinzani watacheka: kumbe kitengo kilizaliwa kwa bahati, tena kwa mila za jikoni! Niandike nini basi? Kwamba kulikuwa na "jaribio la awali". Nikamwambia halikuwa jaribio. Akasema nifikirie kura. Si kazi yangu kufikiria kura.

Nikampigia Kokushubila kumwuliza kama habari ya kahawa ibaki. Jina lililo hatarini ni lake. Nyuma yake nikasikia kuku wa Ijumbi.

"Iache ibaki," akasema. "Wakitupigia kura ya hapana, waipige wakijua sisi ni nani."

Apolinary akapokea simu ya Kokushubila baadaye. Sijui walisemezana nini. Jioni akaniandikia ujumbe: rasimu ibaki, na Dokta ataleta mashine ukumbini.

Ijumaa, 19 Septemba

Ajenda zimebadilika. Kura ilikuwa ya kwanza. Sasa ya kwanza ni kuwasha, ya pili historia, ya tatu kura. Apolinary mwenyewe kazipanga hivyo. Anasema ni Dokta aliyemshinda. Nadhani hakupenda kushinda.

Mashine imefika kutoka Ijumbi saa kumi, kwenye pikapu ya Muharami, mmoja wa wakulima wa huko, imefungwa katikati ya magodoro. Kioo kizima. Kokushubila alipanda nyuma njia nzima, kaikumbatia. Kashuka mwekundu kwa vumbi, hata kope. Mwalimu Rugaibula naye yuko ukumbini, ameletewa kiti, anakataa kukaa. Anazunguka chupa akigusa kila kiungo.

Pampu inavuta vizuri. Walipotaka kuwasha, umeme ukakatika. Mtu nyuma akacheka. Mwalimu akamjibu bila kugeuka, "Cheka leo, waitu, ndugu yangu. Kesho una kazi ya kunyoosha mkono."

Jenereta ya kanisa imeahidiwa. Kuijaribu ni kesho saa moja asubuhi. Wanachama wanaingia saa nne.