Posa Iliyohamia Kwetu

Matrah, Jumatatu, 1968

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi majabali yaliyotuzunguka yanatema moto, na kanga niliyojifunga imenigandia mgongoni. Nimejifungia chumbani na daftari hili kwa sababu huko ukumbini mama na shangazi wanapanga harusi yangu, na mimi sina uso wa kuwatazama.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe lilivyo, maana humu hakuna wa kunisuta.

Namwonea wivu Zuhura, binti wa ami yangu Seif. Nilianza zamani, tangu tuko Unguja. Tulipohamia huku Omani tukapata nyumba zinazopakana ukuta, basi hata bahari yote ile haikunitenga naye. Akisoma Kurani, wanawake huacha walichokishika wakamsikiliza. Nikisoma mimi, hunisahihisha. Halafu akaposwa na Nassor, mwana wa Bi Ghaniya, kijana mpole anayefanya kazi Bahreni, nami nikamsaidia kushona nguo za harusi huku nimeuma meno.

Sasa Nassor ni wangu.

Ilivyokuwa ni hivi. Wasichana wa mtaa wetu tunasoma darsa kwa maalim mmoja, mtu mzima anayeheshimika. Msichana akikaribia kuhitimu, maalim humwita peke yake katika chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, akamhoji. Mwenyewe husema anamsafisha nia. Neno lake baada ya pale ndilo linalokwenda kwa watu, kwa kuwa kila mama anayemtafutia mwanawe mke humtuma mtu kwake kwanza kuuliza, huyu binti vipi. Maalim akinyamaza tu, posa haiji, na iliyokwisha kuja huvunjika.

Mimi niliingia mwaka jana, nina miaka kumi na minane. Aliniuliza nimempenda nani, nawaza nini nikiwa peke yangu, na mengine ambayo mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza na siyaandiki hata hapa. Hakunisogelea. Aliuliza tu, akangoja, akauliza tena. Nilijibu yote huku nautazama mkeka. Nilipotoka alinisifu mbele ya wenzangu, na nilifurahi kusifiwa, hilo nalo nalikiri.

Zamu ya Zuhura ilifika miezi miwili iliyopita. Alisimama mlangoni hakuingia. Alisema amesikia mle huulizwa yasiyo ya dini, kwa hiyo anataka mama yake akae naye, maalim akakataa. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya kusomea, sote tunasikia:

"Basi niulize hapa hapa, maalim, mbele ya wenzangu. Kama ni maswali ya dini, na wao wafaidike."

Maalim alifunga kitabu akatutawanya. Ijumaa ile watu wakaambiwa kwamba binti huyo amemvunjia heshima mwalimu wake na kumzulia, kwa hiyo atengwe mpaka atubu. Kutengwa kwetu hakuna makelele. Hupigwi wala hutukanwi. Unatoa salamu haijibiwi, dukani kwa baba yako watu wanapita wakitazama upande wa pili, na kwenye kahawa kikombe kinakuruka.

Aliyemruka Zuhura ni mimi.

Ilikuwa nyumbani kwa Bi Ghaniya, kahawa ya asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo kumimina kulikuwa juu yangu. Dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, nawazunguka mmoja mmoja. Nilipomfikia akanyoosha mkono wake kama siku zote. Ukumbi mzima ulinitazama. Nikampita, nikammiminia aliyeketi baada yake. Angelia ningemhurumia. Alirudisha mkono mapajani, akamaliza tende yake taratibu, akaaga vizuri akaondoka na mama yake. Nilimwonea wivu hata pale, kwa ule utulivu wake.

Wiki iliyofuata posa ikavunjwa. Na juzi Bi Ghaniya akaja kwetu. Kabla ya kusema lililomleta alinifuata jikoni, akanishika mkono. Ni mama mwema, nadhani roho ilikuwa ikimsuta.

"Rayya mwanangu, nnakuuliza wewe kwa kuwa uliingia mle. Na wewe alikuuliza mambo hayo anayoyasema Zuhura?"

Nilimwambia hapana, aliniuliza sala na saumu tu. Akashusha pumzi, akarudi ukumbini kwa mama. Hata chai haijapoa, nilikuwa nimeshaposwa.

Ningekuwa na raha sasa. Sina. Ami Seif siku hizi anafunga duka mapema kwa kuwa haingii mtu, anakaa na binti yake, nami upande wa pili wa ukuta nasikia Zuhura akimsomea. Wakati mwingine wanacheka. Ami alimwambia baba yangu usoni kwamba binti yake hakusema uongo, na baba akainamisha kichwa. Baba yangu hakuja kuniuliza mimi. Mpaka leo hajaniuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Nassor ni kisingizio tu.

Leo baada ya adhuhuri mama ametangaza kuwa Alhamisi ni zamu ya Asya, mdogo wangu. Asya akanifuata uani nikianua nguo. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Da Rayya, anauliza nini mle ndani?"

Sala na saumu, maneno yalikuwa yameshanifika ulimini. Nilijishangaa jinsi yalivyokuwa mepesi. Nikamwambia angoje kidogo, nikakimbilia huku.

Najua itakavyokuwa nikisema. Bi Ghaniya atajua nilimdanganya, na posa itatoka kwa mlango ilioingilia. Nitatengwa kama Zuhura, tena mimi kwa haki zaidi, kwa sababu nilisema uongo. Baba sijui atasimama upande gani, na mama atalia.

Kila alichokuwa nacho Zuhura nilikitaka. Sauti, mchumba, baba. Hivyo vyote mtu hupewa. Lakini pale mlangoni alisimama mwenyewe, na kusimama hakuna aliyeninyima.

Alhamisi nitaingia na Asya. Nitaketi mkekani ubavuni mwake. Maalim akitaka nitoke, nitamwomba aniulize upya yale ya mwaka jana, mdogo wangu anasikia.

Asya bado yuko uani, anakunja nguo nilizoziacha. Naenda kumjibu.