Jina Lililotajwa Zagayu

Somanda, Bariadi
11 Septemba 2022

Mdogo wangu Milembe,

Nakusalimu kwa salamu za wote wa hapa. Mimi na Martha hatujambo, ila magoti ya mama mkwe ndiyo yanayotusumbua. Baridi ya Mufindi imekuachaje? Najua huko monasterini wanakuita Sista Hilaria, lakini kalamu yangu imezoea Milembe, nayo haifundishiki. Na kwa kuwa hamshiki simu, nimerudi kuandika barua kama mwanafunzi wa darasa la tano.

Matanga ya Baba yamekwisha. Juzi wazee watatu wa ukoo walinikuta kibandani nikifungua pampu ya kupulizia pamba. Aliyewaongoza ni Mzee Masele, yule mtunza nyumba ya ngoma za watemi kule Zagayu. Alivuta ndoo akaikalia, akasema, "Mboje, kiti kiko wazi."

Nikacheka. Nikamwambia utemi ulifutwa babu yetu akiwa hai, na mimi ni fundi pampu.

Hakucheka. "Serikali ilifuta mshahara," akasema. "Wale wa ndani hakuna aliyewafuta."

Misimu miwili sasa mvua inapita juu tu. Pamba ya mwaka huu ilinifika magotini ikakauka. Wazee wanasema ni kwa sababu kiti hakina mtu tangu Baba alipoanza kuugua. Mimi siamini hayo. Lakini nilikwenda Zagayu kuangalia mifugo ya Baba, nikaona jambo. Ng'ombe wote, arobaini na wawili, wanalala wameelekeza vichwa kwenye nyumba ya ngoma. Nilimsukuma mmoja nikamgeuza. Alinyanyuka, akajizungusha, akalala tena vilevile.

Martha hataki kusikia habari hizi. Wewe unasemaje?

Kaka yako,
Mboje

*

Mufindi
2 Oktoba 2022

Kaka yangu,

Amani iwe kwako na kwa Martha. Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi na kufua. Barua yako niliisoma bustanini, nikairudia, halafu nikashindwa kupalilia.

Usikubali. Naomba nisikuzungushe kwa maneno mengi: usikubali.

Siku naondoka nyumbani kuja huku, Baba alinisindikiza hadi stendi ya Bariadi. Unakumbuka kila mtu alikuwa analalamika kwamba binti wa ukoo wa watemi anakwenda kufungiwa. Baba peke yake hakulalamika. Alinishika bega akasema, "Afadhali wewe unakwenda mbali." Nilidhani ananifariji. Sasa sijui.

Muulize Mzee Masele swali moja tu. Wale waliokaa kwenye kiti kile, waliishaje? Akikwambia, niandikie kama alivyosema, bila kupunguza.

Nakuombea kila siku alfajiri.

Mdogo wako,
Milembe

*

Zagayu
22 Januari 2023

Mdogo wangu,

Shikamoo za watoto wa hapa zikufikie, wanakukumbuka hata wasiokujua. Afya yangu ni nzuri. Nisamehe kukaa kimya.

Nimekubali. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua. Mwezi wa kumi na moja mama mmoja wa jirani alimfunga mwanawe mgongoni akaja kukaa mlangoni kwangu Somanda, akakaa tu hadi jioni. Kesho yake wakaja wanne. Ningewaambia nini?

Siku nne nilikaa ndani ya nyumba ya ngoma. Mle mna vigoda kumi na kimoja vya waliotangulia. Viwili ni vya wanawake, jambo ambalo Baba hakutuambia. Hakuna dirisha. Niliketi, nikasikiliza. Siku ya pili nilianza kusikia pumzi, lakini si yangu: mimi nilipumua mara tatu, yenyewe mara moja. Siku ya nne zilikuwa zimelingana.

Siku ya tano mvua ilinyesha. Milembe, sijawahi kuona mvua kama ile! Ilishuka bila upepo, imenyooka, ikasimama kwenye mpaka wa zamani wa utawala wa babu. Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu. Mguu huu tope, mguu ule vumbi. Watu wa upande wa pili walikuwa wamesimama wanatutazama, na mmoja alinyoosha mkono akaukinga kama anayeonja supu.

Martha amerudi Somanda. Anasema nanuka udongo wa chini. Atazoea.

Swali lako nilimuuliza Mzee Masele. Alijibu, "Hawajaisha."

Kaka yako,
Mboje

*

Zagayu
6 Agosti 2023

Milembe,

Mwangaluka, tunakuamkia. Tumepata barua zako tatu, tumezisikia. Hatuumwi.

Mavuno ni makubwa. Mahindi yamelazwa hadi uani, na pamba watu wanaikanyaga njiani. Wanatuletea malimbuko kila nyumba. Hatuli sana siku hizi, lakini tunapenda kuyaona.

Kuku hawatupishi tukitembea. Mbwa wa Masele hatubwekei, hanusi, anapita kama hapana kitu. Mgeni akija tunamjua jina lake kabla hajasema, na la baba yake, na mahali babu yake alipoanguka. Wanafurahi. Wengine wanalia.

Martha alikuja na chakula akakiweka chini getini. Tulimwita aingie. Alisema, "Nimemletea mume wangu," akageuka akaondoka. Maneno yake hatukuyaelewa.

Tunakumbuka ulivyokuwa mdogo, tulipokuvusha mto mwaka wa nzige, jua limefichwa kabisa, na wewe umejifunika ngozi ya mbuzi ukiuliza kama ni usiku. Ulikuwa mtoto mzuri.

Kaka yako,
sisi Mboje

*

Mufindi
1 Septemba 2023

Kaka,

Nakusalimu, na salamu hii naielekeza kwako peke yako. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Mwaka wa nzige mimi sikuwapo. Wewe hukuwapo. Baba mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Aliyevushwa mto kwa ngozi ya mbuzi ni bibi yetu, na aliyemvusha alikufa zamani sana. Bibi ndiye aliyenisimulia, nikisuka nywele zake.

Na mwandiko si wako. Wewe herufi zako zinaegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Hizi zimesimama.

Naomba unijibu jambo moja. Nilipotumbukia kwenye lambo la ng'ombe nikiwa na miaka sita, ukanitoa, ukanipa kitu nikile njiani ili nisimwambie Mama. Ulinipa nini?

Hakuna aliyekuwapo isipokuwa mimi na wewe. Nijibu, kaka, nami nitatulia.

Mdogo wako,
Milembe

*

Zagayu
14 Februari 2024

Mjukuu wetu,

Mwangaluka. Mvua ni nyingi. Watu wameshiba.

Ulichouliza hakipo hapa. Tumewauliza wote waliomo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayekijua.

Babu zako

[Ndani ya bahasha hiyohiyo, nyuma ya karatasi ya mbegu iliyokunjwa mara nne:]

Michembe ya bibi, vile viazi vikavu. Ilikuwa na mchanga. Milembe nipo bado ila kidogo. Nachelewa kupata kalamu. Usije. Walipopiga ramli jina halikutajwa langu, lilitajwa lako. Nikasema huyo tumeshampa Mungu, nihesabuni mimi. Wakanihesabu lakini sienei. Mtu asiyeitwa hatoshi kwenye kiti, inabidi wamjaze. Usije.

*

Somanda
19 Aprili 2024

Kaka yangu Mboje,

Barua hii namwachia Martha akupe ukirudi nyumbani. Ukiisoma, ujue kwanza kwamba yeye ni mzima, na ameweka nguo zako kwenye jua kila Jumamosi mwaka mzima.

Nimekuja. Mama Abesi, mkuu wetu wa monasteri, alinipa ruhusa ya wiki mbili. Nilimwambia huenda zikazidi. Akanifungia mkate wa njiani.

Juzi nilikuwa Zagayu. Ulikuwa umeketi uani mchana wa jua kali, na nzi hawakukugusa. Nilikuita. Uliinua kichwa ukanisalimia kwa sauti ya mzee, ukaniita mjukuu, ukaniuliza kama mto umepungua. Nilikaa nawe hadi jua lilipoelekea kuzama nikikusimulia mambo yetu: lambo, fimbo za Baba, siku ulipoiba baiskeli ya katekista. Mara moja tu, kwenye ile baiskeli, mdomo wako ulicheza. Ulisema, "Breki haikuwa nzima." Kisha ukaondoka tena, umeketi palepale.

Nilimfuata Mzee Masele. Hakuficha. "Ni kweli," alisema. "Ulitajwa wewe. Kaka yako alilia hadi tukamwonea huruma. Tulikosea." Nikamuuliza, mwenye jina akiingia, aliyeshika nafasi anatoka? Akasema, "Anatoka akiwa na njaa."

Martha amenishika mkono jioni nzima asiniachie. Anasema mimi ni mali ya kanisa, nisithubutu. Lakini fikiria, kaka. Miaka tisa nimelala kwenye chumba kidogo. Jina langu nililitoa mwenyewe bila kulazimishwa. Nimejifunza kuketi mbele ya kimya nisikikimbie. Wewe uliingia mle na pampu zako na vicheko vyako, hujawahi kunyamaza hata ukila. Ulitegemea nini?

Siendi kuwaabudu wale. Naingia na Yule niliyekwenda kumtafuta milimani, na mle giza halitamzuia.

Umekaa mahali pangu inatosha. Kula, ulale, umzoee mkeo upya.

Mdogo wako,
Milembe

*

Somanda, Bariadi
9 Februari 2025

Mdogo wangu Milembe,

Naanza kwa kukujulia hali, ingawa barua tatu za kwanza hukuzijibu. Mimi ni mzima. Martha ni mzima, na ana mimba ya miezi sita. Nimerudi kwenye pampu.

Mzee Masele anasema barua zangu anaziweka mlangoni pamoja na chakula. Chakula kinaliwa na barua zinachukuliwa. Zaidi ya hapo hajui.

Asubuhi baada ya wewe kuingia, niliamka nje ya geti la Zagayu, kwenye mkeka, jua likichomoza. Martha alikuwa amekaa pembeni na sufuria. Nilikula ugali sahani nne nisimsemeshe mtu. Ya tano nilipoishika ndipo nikauliza, "Milembe yuko wapi?" Akanipa barua yako. Niliukimbilia mlango wa nyumba ya ngoma, nikaupiga kwa ngumi na kwa mabega. Mlango wa miti tu, Milembe, mlango ambao mbuzi angeweza kuusukuma, na sikuweza.

Mvua sasa haisimami mpakani. Imevuka hadi Bukundi. Watu wa upande wa pili wamepanda, na wanatuma salamu kwako bila kujua wanamtumia nani. Ng'ombe wa Baba wanalala ovyo, kila mmoja anakotaka, kama ng'ombe.

Jumapili iliyopita mimi na Martha tulikuja kwa pikipiki baada ya ibada. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado kali. Mzee Masele alitukataza kupita uani, tukasimama kwenye ua wa minyaa. Ndipo nikasikia sauti yako. Ulikuwa unaimba zaburi, taratibu, kama mnavyoimba huko Mufindi. Nilifurahi mpaka nikamshika Martha kiunoni. Uliimba mstari mmoja ukanyamaza.

Na wakaitikia.

Wanaume wengi, Milembe, na wanawake wawili. Sauti za wazee, nzito, wanajikwaa kwenye maneno ya Kiswahili kama watu wanaojifunza kusoma. Mstari wako, mstari wao. Mzee Masele alivua kofia. Alisema huwa hivyo kila jioni tangu mwezi wa saba, na mwanzoni walikuwa wanaitikia kwa kunguruma tu. Nilimweleza padre wetu, akasema hivyo ndivyo zaburi zinavyoimbwa monasterini, pande mbili zinapokezana. Halafu akaniuliza mko watawa wangapi mle ndani. 

Katikati yao kulikuwa na sauti moja inayochelewa neno moja nyuma ya wenzake, inamalizia peke yake wakati wote wameshanyamaza. Ni Baba. Martha naye aliitambua, maana alinigeukia kabla sijasema. Je, naye tulimzika bure? Au ndiye anayekusaidia? Niambie hilo tu, hata kwa mstari mmoja.

Ulianza mstari mwingine. Mimi zaburi ile siijui, kanisani nilikuwa nakaa nyuma na wachelewaji. Lakini ilipofika zamu yao, nilihisi mdomo wangu unafunguka, na maneno yalikuwa mle tayari, yote, na sauti iliyokuwa inapanda kifuani ilikuwa nzito kuliko yangu.

Martha alinifumba mdomo kwa kiganja. Alinivuta hadi kwenye pikipiki, akaendesha yeye.

Kaka yako,
Mboje