Fidla ya Baba Iliyonyooshwa

Xilitla, Jumapili

Kaka Fermín,

Sisi hatujambo. Kahawa imeanza kuiva. Unga wa mahindi wa zacahuil ya leo uliungua chini, lakini imeliwa yote pamoja na nyama yake.

Wimbo wako, ule uliochanganya fidla ya Baba na midundo ya kompyuta, tumeusikia kwa jirani. Vijana wameupenda. Mama alipanda jukwaa la mbao acheze huapango, akashuka kabla haujaisha. “Mguu hauna pa kutua,” alisema. Baba alizoea kuichelewesha fidla kidogo ili vishindo vya wachezaji visikike. Kompyuta yako imemnyoosha, kila mlio umekaa juu ya mdundo.

Baba mwenyewe alisikiliza hadi mwisho. “Huyu kijana anapiga vizuri,” akasema. “Mtoto wa nani?” Tukacheka, naye akacheka.

Mkono wake wa kushoto ulipooza wiki ya Pasaka. Alikataza usiambiwe mpaka umalize albamu. Fidla iko ukutani tangu siku hiyo.

Jana aliniambia, “Mwambie Fermín aniletee ile rekodi yangu ya mwanzo, kabla hajaninyoosha.” Mama ameshafagia jukwaa.

Kama uliifuta, usiniandikie mimi. Njoo umwambie.

Dada yako,
Nazaria