Andika: Kasongo

Baba yangu, fundi Salumu wa Katuba,

Mungu akulaze pema. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani yako, na kabla hujasikia kwa wengine acha nikuambie mimi mwenyewe: jana, mbele ya watu wa Katuba, nimesema kwamba wewe hukutoka pwani. Nimesema kwa sauti. Na sikuandiki ili nikuombe msamaha.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa humpendi mtu anayeanza habari mkiani.

Unaikumbuka siku ya matokeo. Radio ya jirani ilisoma majina ya waliofaulu mtihani wa serikali, ukasikia langu, ukatoka mbio na utepe wa kupimia bado uko shingoni, ukanimwagia pudre, ile poda ya kumpongeza aliyefaulu, kichwani kopo zima. Nyingine iliingia kwenye cherehani. Hata leo nikikanyaga pedali inatoa harufu ya siku ile. Majirani walikuja kucheza, nami nikakuambia kwamba chuo kikuu nataka kusomea mawe na madini, ukanuna palepale. "Mutoto wa muungwana hapana kuchimba udongo," ulisema. Nilidhani ni kiburi tu cha fundi anayewashonea wakubwa. Majuma matatu baadaye homa ikakuchukua, na mimi... Mimi nilikuwa nimekwenda kukununulia vifungo, Baba. Nilirudi navyo mkononi. Bado viko kwenye kikopo.

Baada ya arobaini yako nilipeleka dosié yangu, faili la karatasi zangu zote, chuo kikuu. Karani wa kuandikisha wanafunzi alivaa abacost, suti yetu ya siku hizi isiyo na tai, na kola yake ilikuwa imepinda hivi. Ungeiona ungeumwa kichwa. Alisoma karatasi niliyopewa komini, ofisi ya mtaa wetu, akairudisha kwangu kwa kidole kimoja. "Citoyenne, weye hauko wa huku. Ba-étrangers, bale bageni, ni ku bureau ingine, na barua ya ambassade yabo." Nikamwambia nimezaliwa Katuba, nimesoma Katuba, na meno yangu ya utoto yalitupwa juu ya mabati ya Katuba. Akanionyesha mstari. Asili ya baba: pwani, Unguja. Uraia: mgeni. Akasema kitabu cha wanafunzi wa nchi anakifunga Ijumaa, na baada ya Ijumaa nisimsumbue.

Nilisimama pale nikakumbuka. Mwaka nchi ilipobadilishwa jina, watu wa komini walipita nyumba kwa nyumba kuandika raia. Nilikuwa mdogo, napuliza makaa ya pasi mlangoni pa duka. Yule mwandishi akakuuliza asili yako, na wewe ukavimba, ukaiweka sawa kofia yako, ukasema, "Andika: pwani. Unguja." Akaandika. Wewe uliona sifa, yeye aliona mgeni. Hili ni kosa la watu wetu, Baba. Muluba hawezi kulifanya, Mubemba hawezi. Ni sisi Waislamu wa Maniema tu tunaoweza kujitoa katika nchi yetu kwa kujisifu, tena tukamwongezea mwandishi chai na sukari ya pili.

Ubalozi gani ungenipa barua? Nani huko angenijua? Nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, halafu nikalia, halafu nikakukasirikia kuliko siku zote ulipokuwa hai. Mtu hawezi kugombana na kaburi, watu wanasema. Mimi niligombana nalo.

Kesho yake nilipanda lori kwenda Kipushi kwa Shangazi Mwamini, dada yako mkubwa, nimuulize asili yetu hasa, kwa sababu Mama yuko kwenye eda na hawezi kutoka kunisemea. Mama aliponiona nafunga kitambaa kichwani alijua nakwenda kutafuta nini. "Usimuvue marehemu kanzu," aliniambia. Nilimbusu mkono nikaenda.

Shangazi alinisikiliza huku anachambua dagaa wake wa kuuza. Nilipofika kwenye neno pwani akaangusha ungo. "Pwani? Salumu? Hata ziwani Kalemie hakufika!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia ndani, akafungua sanduku lake la bati, akanitolea kitabu kidogo kilicholiwa pembe na mende.

Unakijua. Ni kitabu cha kazi cha Babu. Wewe uliniambia Babu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuja kutoka pwani na mizigo saba. Kitabu kinasema kazi yake ilikuwa kuchimba shaba chini ya ardhi, huko huko Kipushi. Mahali alipotoka: Kasongo, Maniema. Pa kutia sahihi pana alama ya dole gumba. Shangazi aliniambia kwamba ulipokuwa mtoto ulikuwa unamfulia Babu nguo bombani, matope hayatoki, na wenzako wanakucheka. Siku alipozikwa ulitaka kukichoma kitabu hiki, Shangazi akakificha kwenye unga. Aliniambia jambo jingine pia: cherehani hii ninayoegemea, Babu ndiye aliyekununulia, kwa kifua kilichokuwa kimekwisha kwa vumbi.

Ndiyo maana ulininunia, kumbe. Nilipotamka madini uliliona bomba lile.

Nilikuhurumia, Baba. Nasema kweli, nilikaa juu ya kigoda cha Shangazi nikakuhurumia kama mtoto wangu. Lakini huruma haikuniondolea hasira. Mtu yule aliingia shimoni ili wewe ukae juani na sindano, na wewe ukamfuta. Halafu bila kujua ukanifuta na mimi.

Basi jana, Alhamisi, nilikwenda komini na Shangazi, ili asili yako iandikwe upya. Foleni ilikuwa ndefu, na unajua Katuba: kila mmoja pale alikuwa amevaa mkono wako. Mzee uliyemshonea kanzu ya harusi ya binti yake alikuwa nyuma yangu kabisa, ananiombea njia kwa sababu "ni mutoto wa ba-Unguja". Mkubwa wa ofisi alisoma kitabu cha Babu kwa sauti, pole pole, kama anayesoma hukumu. Muchimba shaba. Kasongo. Foleni ikanyosha shingo. Shangazi akaapa kwamba huyo ni baba yake na baba yako. Mkubwa akanikazia macho akaniuliza kama ulidanganya: "Kumbe baba yako alisema bongo?"

Nilihisi wote wanangoja. Ningeweza kusema mwandishi wa zamani alikosea, na jina lako lingebaki safi, na yule mwandishi hayupo kujitetea. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilifikiri: nikisema hivyo, nimemzika Babu mara ya pili.

"Alisema bongo," nikajibu. "Alikuwa na haya ya baba yake. Miye sina haya. Andika: Kasongo."

Akaandika. Akapiga muhuri. Mzee wa kanzu alinigeuzia mgongo, na nikamwacha na mgongo wake. Wengine wameanza kuniita mtoto wa shimo. Naitika.

Leo asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa karani. Alitafuta kosa, akalikosa, akaiweka dosié yangu kwenye rundo la wanafunzi wa nchi. Majina yatabandikwa ukutani, sijui lini. Wakinikubali, nitasoma mawe. Wakinikataa, watanikataa kama mtoto wa hapa, na mwaka ujao nitarudi kwenye mlango ule ule.

Mama alikuwa hajasema nami tangu jana. Mchana huu aliniomba kitabu, akaniambia nimsomee ule mstari. Nilimsomea mara mbili. Akaweka kidole chake juu ya ile alama ya dole gumba, akasema, "Ni kubwa sawa na ya Salumu." Kisha akakifunga ndani ya kanzu yako ya Ijumaa, akaiweka chini ya mto wake. Kwa hiyo hakuna aliyekuvua, Baba. Tumemtafutia Babu nafasi ndani, basi.

Vifungo vile nitavishona kwenye koti ulilokuwa hujalimaliza, nilivae siku ya kwanza ya masomo, pudre au hakuna pudre. Na nakuahidi jambo moja. Iko siku nitakwenda huko Unguja yako, niione bahari uliyoisimulia miaka yote bila kuiona, ninawe uso kwa maji yake kwa niaba yako. Mpakani watanipa karatasi, wataniuliza mimi ni nani. Huko, Baba, nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe: mgeni.

Lala sasa.

Mwanao Zaina,
mjukuu wa mchimbaji