Vipele Vyako Vya Siku Ile Wodini

Ndugu yangu Mutuku,

Kioko anachechemea uani akifukuza kuku wa jirani. Naandika huku nikimsikia. Imenibidi nikuandikie leo, kwa sababu wewe ndiye uliyemwokoa, na hukumwona hata siku moja. Nilikuwa na mimba yake tulipokuzika.

Alipoanza kutambaa alitoka mabaka meusi magotini kama yako. Nilijua kabla daktari hajasema. Ule ugonjwa wako wa damu isiyoganda, Mutuku, mimi nilikuwa nimeubeba miaka yote bila kutokwa hata na tone.

Unakumbuka goti lako lilipojaa damu, ukalazwa? Sista alitundika mfuko wa maji ya manjano, akatuambia ni ile sehemu ya damu yenye protini ya kugandisha, imetolewa kwa watu wengine. Ukautazama, ukasema, "Watu wote hao, na sijawaamkia hata mmoja!" Kisha ukaanza kujikuna. Mkono, shingo, mgongo. Nami, kwa kuwa pale nyumbani Kaloleni tulikuwa vitani na kunguni kila Jumamosi, tukimwagia springi za vitanda maji ya moto, nilipoona vile vipele nilidhani adui ni yule yule. Nikainua godoro la hospitali. Nikageuza mto. Nikamwambia mama wa kufagia maneno ambayo mpaka leo yananiaibisha. Muda huo wote dripu inadondoka tu.

Sista alikuja, akatazama mara moja, akaifunga. "Dada, acha godoro. Ni mwili wake unakataa protini ya watu." Akakuchoma sindano. Na wewe, usiyepatana na vijana wa mtaa jirani wa Makongeni, macho yamevimba, ukanong'ona, "Lazima kuna wa Makongeni humo ndani." Hata sista alicheka.

Nikakaa, nikaona vipele vikishuka kimoja kimoja, ngozi ikirudi kuwa yako. Sijawahi kuona kitu kama hicho, hata kanisani. Hakuna aliyeuambia mwili wako. Ulijua wenyewe kwamba wageni wameingia. Na walikuwa wageni waliokuja kukusaidia! Baadaye sista aliifungua tena, tone, kungoja, tone, na goti likaacha kujaa. Niliogopa na kushukuru kwa pamoja, nikashindwa kujua niombe nini.

Siku ulipogonga kichwa kule ghalani Industrial Area, hukufika kwenye dripu yoyote.

Wiki mbili zilizopita Kioko alianguka, nikamkimbiza hospitali. Kabla hawajamchoma nilisema: mjomba wake alivimba kwa dripu hii ya manjano. Wakaiweka taratibu, na sindano ikawa tayari kwenye sinia. Mimi nikampandisha sweta, nikalikodolea tumbo lake macho. Mama yetu akalalamika, "Utampa mtoto baridi, mfunike!" Sikumfunika. Kipele cha kwanza kilitokea karibu na kitovu, kidogo kama punje ya mtama, na nilipopiga kelele tayari kilikuwa na wenzake. Akaanza kukohoa. Sista alifunga dripu na kumchoma kabla sijapumua. Daktari akaniambia, "Tungechelewa kidogo, koo lingeziba."

Kesho yake walimwekea mfuko mwingine, daktari amesimama pale pale. Ukaingia wote bila kipele. Watu wengine hao, siwajui, nao mwili wake ukawapokea. Kwa nini hawa na si wale?

Sijui mtu anashukuriwa vipi kwa kujikuna. Lakini ahsante, Mutuku.

Nakuahidi: kila mfuko utakaotundikwa juu ya Kioko, nitataja yaliyokupata kabla ya tone la kwanza, hata wakiniona mama msumbufu. Akikua nitamfundisha ayaseme mwenyewe.

Pumzika, ndugu yangu. Zamu ya kutazama ni yangu.

Dada yako,
Mwende