Kipa wa Alama Mbili

Jumamosi asubuhi, mwezi wa nne. Mvua zinaaga. Hapa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna ubaridi mwepesi, majani ya karanga yamelowa umande, nami niko kwenye kikombe cha pili cha chai.

Kosa wanalofanya wengi wanapopima timu za ligi ni kuanza na mabao. Wanatazama timu imefunga mangapi, imefungwa mangapi, wanatoa alama na kufunga kazi. Lakini bao ni mwisho wa safari ndefu. Anayepima timu kwa mabao ni kama mnunuzi wa karanga anayetazama ukubwa wa gunia bila kuuliza ndani kuna maganda kiasi gani.

Hilo nimelifundisha katika safu hii mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayejua. Tangu jana sauti hiyo imeshuka kidogo.

Kwa msomaji mgeni nieleze kwanza. Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Nimezunguka vituo vya kununulia pamba na tumbaku, Bukene na kwingineko, nikiweka mawe yangu juu ya mizani za watu ili nione kama zinasema kweli. Nilipostaafu nilibuni mchezo wa mpira wa mezani: ubao wa mninga, dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, na kadi kwa kila timu ya ligi yetu. Kadi ina alama za ushambuliaji, ulinzi na kipa, kuanzia moja hadi sita. Alama zikiwa za kweli, msimu unaochezwa mezani hufanana na ule unaochezwa uwanjani. Zikiwa za uongo, mnabaki watu wazima mnaorusha dadu.

Kwa hiyo tuna sheria moja: mpimaji hana timu. Mimi napima, wenzangu wanacheza.

Wenzangu ni wawili. Bi Zawadi anauza vitenge karibu na soko kuu, na ni chumba cha nyuma cha duka lake tunachochezea, kila Alhamisi akishamaliza kuswali alasiri. Mzee Maganga ni mkulima wa Ntalikwa na mzee wa kanisa la Moravian. Kanisani ni mpole. Mezani mdomo wake hauna kufuli.

Sasa, kipa. Kipa ndiye mgumu kuliko wote kupimika, kwa sababu mabeki wazuri humficha. Kama mabeki wanazuia kila kitu, mashuti yanayomfikia ni machache na ya mbali, na watu wanamwita ukuta. Mimi huuliza maswali mengine. Mashuti mangapi yalilenga goli? Yalitoka wapi? Kipa aliuona mpira, au alizibwa na miguu ya watu? Kati ya hayo, yapi alipaswa kuyazuia? Nafanya hivyo mechi baada ya mechi, redioni na kwenye runinga, mpaka sura ya mtu inajitokeza.

Kuna kipa mmoja ambaye mji mzima wa Tabora unamwita ukuta. Ni kijana wetu, anachezea timu ya mkoa wa mbali. Timu yake inafungwa mara chache. Nimempima msimu mzima na nimepata alama mbili.

Anaitwa Shabani. Mama yake ni Bi Zawadi.

Juzi Alhamisi nilikuwa nimeificha kadi hiyo chini ya nyingine. Bi Zawadi hakuanza hata kupanga ubao.

"Bwana Mkaguzi, ya Shabani umeshaimaliza?"

"Bado kidogo."

"Usinizungushe. Nimekujua kabla hujaota mvi."

Akaeleza jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu. Mkataba wa Shabani unaisha msimu huu, na timu inamtaka asaini mwingine. Yeye mama mtu magoti yamechoka, kupanda ngazi kushusha majora ya vitenge hawezi tena, na hana mtoto mwingine. Kama kijana ni kipa kweli, na abaki huko. Kama anapoteza ujana wake, arudi nyumbani ashike duka.

"Magazeti yanamsifu," alisema. "Majirani wananisifia hapa mbele ya uso wangu, halafu wanaomba wapunguziwe bei. Wewe huna timu. Mpime kama gunia la mtu usiyemjua, uniambie."

Nilimwambia.

Mzee Maganga alisimamisha karanga njiani kabla haijafika mdomoni. "Mbili? Jogoo wangu nikimweka golini anapata tatu!"

Bi Zawadi hakucheka. Alikunja kitenge kilichokuwa mapajani mwake, akakikunjua, akakikunja tena. "Basi arudi," alisema. "Wanakuja kucheza hapa Jumamosi. Jumapili atakula kwangu. Nitamwambia akishanawa mikono."

Siku hiyo hatukucheza.

Nilirudi nyumbani nikahesabu upya, nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Mbili ilikuwa mbili. Lakini kuna kitu kilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni: namba ilikuwa ya kweli, na bado nilihisi nimesema uongo. Katika miaka yangu yote ya mizani sikuwahi kuonja hali hiyo. Jiwe ni jiwe. Likiwa sahihi, unalala usingizi.

Jana, Ijumaa, timu ya Shabani ilifanya mazoezi jioni kwenye uwanja wetu. Nilimpigia simu Bi Zawadi nikamwomba twende. Alikataa. Hajawahi kumwona mwanawe akidaka kwa macho yake tangu alipoondoka Tabora. Hata kwenye runinga, mpira ukikaribia goli, anajifunika khanga usoni. Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe, pamoja na alama zangu zote, sijawahi kumwona kwa karibu, na kwamba mtu asiuze gunia kabla ya kulifungua.

"Nipitie," akasema. Mzee Maganga, ambaye hakualikwa, tulimkuta amekaa mlangoni pa duka.

Mlinzi wa uwanja alituruhusu kusimama nyuma ya goli, hatua chache kutoka kwenye nyavu. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejipanga kwenye uzio, wamekuja kumtisha mgeni ambaye wamesoma naye.

"Kipa! Mama yako kakuwekea majora, njoo upime mita!"

"Kesho utaokota mipira nyavuni kama mtu anavuna karanga!"

Bi Zawadi aligeuka taratibu. "Nani huyo? Si wewe ambaye pikipiki yako unaisimamisha kwa soli za viatu kila siku mbele ya duka langu?"

Uzio mzima uliangua kicheko. Kijana alivua kofia. "Shikamoo mama. Sikukuona."

"Marahaba. Endelea na kelele zako, ila kwa adabu."

Kisha mashuti yakaanza.

Sijui niandike vipi. Nimeshahesabu mashuti mengi kuliko mvi zangu, na jana ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kulisikia hata moja. Redioni unasikia mtangazaji. Kwenye runinga unasikia watu. Nyuma ya goli unausikia mpira wenyewe. Unapigwa pale nje ya eneo la hatari, mlio kama mtu amelipiga bati kwa ubao, na kabla mlio haujaisha masikioni mpira umeshafika, unaunguruma, umejikunja njiani kama una akili yake. Nilirudi nyuma bila kujua kwamba nimerudi.

Na Shabani alikuwa tayari hewani.

Hakuruka baada ya shuti. Ukimtazama kwa makini, aliondoka wakati mguu wa mpigaji bado unashuka. Aliuona mpira pahali ambapo haujafika. Alijinyoosha urefu ambao sikujua mwili wa mtu unao, akaugusa kwa ncha za vidole, ukapita juu ya mwamba wa goli. Akaanguka kwa bega, akasimama, na shuti la pili lilikuwa limeshapigwa. Akaenda tena. Na tena. Udongo mwekundu ulimganda nusu ya uso. Hakuna aliyepiga makofi. Kwa wenzake hiyo ilikuwa Ijumaa ya kawaida.

Shuti moja lilikosea goli likatujia sisi. Mzee Maganga, ambaye kwa miaka mingi ametusimulia alivyokuwa akidaka timu ya vijana wa kanisa, aliinua mikono.

Mpira ulikuwa umeshagonga uzio nyuma yake. Mikono ilikuwa bado inapanda.

Alibaki ameishikilia hewani kama mtu anayeombea mvua. "Mimi nilikuwa kipa," alisema polepole. Akaishusha.

Hapo ndipo mwiba uliponitoka kooni. Kitu cha kwanza anachofundishwa mkaguzi ni kuuliza mizani inaanzia wapi. Mizani ya marobota ya tumbaku inaanzia chini kabisa. Mizani ya sonara ni nyingine: imetengenezwa kutofautisha chembe na chembe, na kila kinachowekwa juu yake tayari ni dhahabu. Kadi zangu ni mizani ya sonara, na nilimruhusu mama azisome kama mizani ya marobota. Alama moja yangu haikai ardhini. Iko juu sana kupita kichwa cha kila aliyekuwa amesimama kwenye uzio ule.

Dadu zenyewe zilikuwa zikiniambia miaka yote. Dadu mbili zina matokeo thelathini na sita. Kipa wa sita, aliye bora nchini, anafungwa kwa matokeo sita kati ya hayo. Kwa kila alama inayopungua naongeza tokeo moja, kwa hiyo kipa wa mbili anafungwa kwa kumi. Manne tu ndiyo yanayowatenganisha. Hesabu hii niliipanga mimi, na haikuwahi kunisimamisha nywele.

Nyumba yangu iko kwenye njia ile ya zamani ya misafara, na wageni hupita hapa kwenda kutazama tembe, ile nyumba ya udongo walimofikia wasafiri wa Kizungu. Huwa wanauliza habari za wakubwa waliolala humo. Jana nilimfikiria mpagazi aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, ambaye hakuna aliyemwandika. Naye alibeba mzigo kama wa mwenzake, na naye alifika pwani.

Bi Zawadi hakujifunika khanga. Alikuwa amesogea mpaka golini, ameshika nyavu kwa vidole.

"Huyu ndiye mbili?"

"Ndiye."

"Na Maganga?"

"Hana alama. Dadu haimfikii."

"Nashukuru," alisema Mzee Maganga.

Mazoezi yalipoisha Shabani alitujia akivua glovu. Kidole kimoja kimepinda tangu zamani, hakinyooki tena. "Shikamoo mama. Shikamooni wazee."

"Marahaba, baba," alisema Bi Zawadi. Kisha, bila hata kuuliza habari ya safari: "Mzee huyu amekupima. Amekupa mbili kati ya sita."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana alinitazama, akacheka kicheko cha mama yake.

"Mbili? Mzee umenipendelea. Kocha wetu wa makipa ananipa moja na nusu, na hapo awe ameshiba."

"Unajua, na bado unaendelea?"

"Mama, huyo wa kupewa sita namjua, tumewahi kukaa naye kambi moja. Kuna mipira anadaka, mimi mpaka leo sielewi alianza kuruka saa ngapi. Nimemuuliza. Na yeye hajui." Aliigeuza glovu mkononi. "Ndicho ninachokitafuta."

"Nilitaka urudi dukani."

Shabani alitazama chini. Kicheko kilikuwa kimeondoka usoni.

"Ukisema nirudi, nitarudi."

"Sijasema. Nimesema nilitaka." Alimfuta udongo shavuni kwa pindo la khanga, kwa nguvu, kama anasugua sufuria. "Saini huo mkataba. Nitamwita binti wa dada yangu toka Nzega, yeye ana magoti mazima. Na kesho usiwaonee huruma kwa sababu ni nyumbani. Hawa nao hawatakuhurumia."

Kijana aliitika kwa kichwa, mara mbili tatu, akaondoka akikimbia kwenda kwenye basi la timu.

Njiani kurudi Bi Zawadi aliniambia nisithubutu kuibadilisha ile alama. Sina mpango huo. Ni ya kweli. Alhamisi ijayo, anasema, kadi hiyo ataicheza yeye mwenyewe, na Mzee Maganga ajiandae kulia. Mzee Maganga alikuwa ameketi kiti cha mbele cha gari langu, anaitazama mikono yake.

Mechi ni leo saa kumi. Mji wote utakuwa dhidi ya kijana mmoja wa mji huu, na huenda akafungwa matatu. Mimi nitakuwepo, sina timu, na moyo unanidunda kama wa mtu mwenye timu ishirini.

Nawe, popote ulipo, kama leo kuna mechi karibu nawe, nenda kabla haijaanza, ukasimame nyuma ya goli makipa wakipasha misuli.